Mto wa Dandora unaishia Ngomeni

Mimi ni mtu wa Gongoni ninayeishi Dandora, na huku Eastlands sijawahi kuwa mbali na bahari kama watu wanavyodhani. Mto Nairobi hupita Gikomba, Korogocho na ubavuni mwa jaa letu, lile lililotangazwa kujaa tangu 2001 na bado malori yanamwaga. Ukishapita Njiru na Ruai huingia Athi. Athi ukikutana na Tsavo huitwa Galana, na karibu na bahari ndio huo Sabaki wenu, unaomwaga maji kati ya Malindi na Mambrui.

Basi maji hayo huenda wapi? Hapo pepo ndizo huamua. Kusi likivuma, tangu Aprili hadi Oktoba hivi, mkondo huwa na nguvu kuelekea kaskazini, na tope na plastiki husukumwa upande wa Mambrui na Rasi Ngomeni. Kaskazi likishika, tope hurudi kusini na kutia ukungu matumbawe ya Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyotengwa 1968. Msimu huohuo mkondo wa Somalia hushuka, ukakutana na wetu kaskazini ya Malindi, na yote miwili hugeukia bahari kuu. Wavuvi wakubwa wanaijua hesabu hii bila ramani.

Ngomeni si ufuo wa kuchezea. Chini ya maji yake imelala merekebu ya Kireno ya karne ya 16, iliyobeba vinoo vya shaba na pembe za ndovu. Wavuvi ndio waliowaonyesha wataalamu wa Makavazi ya Kitaifa. Wapo wanaokisia kuwa ni São Jorge, ya msafara wa Vasco da Gama wa 1524. Mchanga na tope ndivyo vilivyozihifadhi mbao zake, kwa kuwa wadudu wanaotoboa mbao hawaishi zilikofukiwa. Tope la Sabaki, kumbe, lina wema wake.

Plastiki haina. Kasa huuona mfuko unaoelea akadhani ni yavuyavu, akaumeza, na tumbo likaziba. Nyangumi wenye nundu nao hupita hapo kati ya Julai na Septemba, wakitoka bahari za barafu.

Wazee wa BMU mkiiandikia kaunti ya Kilifi kuhusu taka za ufuoni, nakala moja ipelekeni City Hall, Nairobi.