Hesabu ya Mstari Iliyogundua Mwisho wa Baridi

Chukua chupa ya chuma iliyojaa hewa, ifunge isivuje, kisha iunganishe na geji ya kanieneo. Ichovye kwenye barafu inayoyeyuka: joto ni nyuzi 0, geji inasoma kilopaskali 101.3. Ihamishie kwenye maji yanayochemka: nyuzi 100, geji inasoma 138.4. Weka nukta hizo mbili kwenye grafu, joto likiwa kwenye mhimili wa ulalo, uziunganishe kwa rula.

Mteremko wa mstari huo ni ongezeko la kanieneo, 37.1, likigawanywa kwa ongezeko la joto, 100. Unapata 0.371: kila nyuzi moja inayopanda huongeza kilopaskali 0.371. Mhimili wa wima unakatwa penye 101.3. Mlinganyo basi, K ikiwa kanieneo na J ikiwa joto, ni:

K = 0.371J + 101.3

Darasani kazi huishia hapo, mwanafunzi akapigiwa vema. Mimi naona uhondo uko kwenye mhimili ule mwingine. K ikiwa 0, J ni ngapi? Hamisha 101.3 upande wa pili iwe hasi, gawanya kwa 0.371. Jibu ni kama hasi 273.

Kanieneo hutokana na molekuli zinazogonga kuta za chupa. Ikifika sifuri, hakuna kinachogonga tena, na gesi haiwezi kugonga kuta chini ya kutogonga kabisa. Kumbe baridi ina sakafu! Mfaransa Guillaume Amontons, aliyekuwa kiziwi tangu ujanani, alikaribia wazo hili mapema miaka ya 1700 kwa kupima hewa iliyofungwa kwa zebaki. Vipimo vyake, vikigeuzwa kuwa nyuzi za leo, vinaangukia karibu na hasi 240. Kwa vifaa vya wakati ule, si haba.

Msomaji mkali atauliza: nani kakuruhusu kurefusha mstari mbali hivyo na vipimo vyako? Ni swali la haki. Hewa hugeuka kimiminika kwenye nyuzi hasi 190 na kitu, na hapo mlinganyo wetu hauna kazi tena.

Basi punguza hewa chupani hadi nusu, urudie jaribio. Mteremko unashuka hadi 0.1855, na mhimili wa wima unakatwa penye 50.65. Namba zote mbili zimebadilika. Lakini gawanya: bado ni hasi 273. Weka haidrojeni, weka heliamu. Miteremko hutofautiana kwa kadiri ya gesi uliyofungia, ila mistari yote inalenga nukta ileile ya mhimili wa joto. Nukta isiyojali gesi gani wala kiasi gani haiwezi kuwa mali ya gesi. Ni mali ya joto lenyewe.

Mwaka 1848 William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alipendekeza vipimo vya joto vianzie kwenye sakafu hiyo, ambayo leo huwekwa kwenye hasi 273.15. Ukihesabu hivyo, ile 101.3 inatoweka na mlinganyo unabaki K = 0.371T, T ikiwa joto linalohesabiwa kutoka sakafuni: mstari unaopita kwenye chanzo cha grafu.

Heliamu, gesi iliyokaidi kuliko zote, iligeuzwa kimiminika na Heike Kamerlingh Onnes mjini Leiden mwaka 1908, ikiwa imebakiza nyuzi nne na kidogo tu kufika sakafu hiyo.