Arobaini na Nane ya Nini?

Msikilizaji, hapa Mtwara mkulima hupima korosho yake kwa kilo na hulipwa kwa kilo. Lakini korosho hiyo hiyo ikifika mbele ya mnunuzi, lugha hugeuka, sasa huzungumzwa ratili.

Mzee mmoja aliniuliza ghalani: "Mwanangu, wanasema yetu ni arobaini na nane. Ya nini?" Wapo wanaodhani ni asilimia. Sivyo. Wapimaji hupasua sampuli, hupima korosho nzuri iliyomo, kisha hukadiria gunia la kilo 80 litatoa ratili ngapi. Ratili, au paundi, ni wakia 16 (si wakia ya sonara, hiyo ni nzito zaidi), yaani gramu 454 kasoro kidogo. Kwa hiyo ratili 48 ni karibu kilo 22. Zilizobaki ni maganda na korosho mbovu.

Kipimo kikishuka hadi 46, utasikia watu wakisema, ah, ni mbili tu! Tani moja ni magunia kumi na mawili na nusu ya kilo 80. Zidisha kwa mbili: ratili 25, debe zima la korosho iliyobanguliwa, kama yale yanayosafirishwa nje. Mnunuzi huliona pengo hilo kabla hajataja bei. Mkulima je?

Na ile W320 kwenye kasha? Ni korosho nzima nyeupe, 300 hadi 320 kwa ratili, basi wakia moja haizidi 20. W240 ni kubwa zaidi: wakia moja, korosho 15 hivi.