Kumpendekeza Mwenzako Tuzo ya Mfanyakazi Bora: Unaandika Nini Kwenye Ile Fomu?

Ukimaliza chuo na ukabahatika kupata kazi, haitapita muda mrefu kabla hujaletewa fomu. Itakuja kwa barua pepe, au itatupwa kwenye grupu la WhatsApp la ofisi, au katibu muhtasi atapita nayo meza kwa meza. Juu kuna jina la tuzo: Mfanyakazi Bora wa Mwaka, Mfanyakazi Hodari, Tuzo ya Ubora, kila mahali wana lao. Chini kuna nafasi ya jina la unayempendekeza, cheo, idara, halafu mistari kumi hivi imeachwa wazi: "Eleza sababu." Hapo ndipo wengi wanapokwama. Wanaandika "ni mchapakazi, anajituma, ana ushirikiano mzuri", wanasaini, wanarudi kwenye kazi zao. Fomu ya namna hiyo haimsaidii mtu, na mara nyingi inamwangusha yule yule aliyestahili.

Tuanze na tuzo zenyewe. Hapa Tanzania, serikalini na kwenye mashirika ya umma, zimefungamana na Mei Mosi. Taasisi huchagua mfanyakazi wake bora, aghalabu kuanzia kwenye vitengo na idara kwenda juu, na washindi wanatambulishwa kwenye sherehe za Mei 1. Sherehe ya kitaifa huzunguka mikoani: 2023 ilikuwa Morogoro, 2024 Arusha, 2025 Singida. Mshindi anapata cheti, bahasha, na picha akipeana mkono na mgeni rasmi. Kampuni binafsi nyingi, mabenki na kampuni za simu zikiwemo, zina tuzo zao za ndani, na hupenda kuzitoa kwenye ile hafla ya kufunga mwaka, kati ya wali wa bufee na muziki.

Mshindi hupatikana kwa njia kubwa mbili, kura au kamati. Kura, tuseme ukweli, hupima umaarufu. Na pakikosekana mtu maarufu inakuja zamu: "mwaka jana walichukua uhasibu, mwaka huu ni sisi." Mtu anapewa cheti kwa sababu idara yake ilikuwa haijapata. Kamati ni tofauti kidogo. Watu watano au sita kutoka idara mbalimbali wanakaa mchana mmoja na rundo la fomu mbele yao. Wengi wao hawamjui mtu wako. Hawajawahi kufika stoo, hawajui masijala iko ghorofa gani. Wanachokijua ni kile ulichoandika, basi. Wakikutana na "anajituma" mara ya kumi na tano, jicho linateleza kwenda kwenye jina wanalolifahamu. Na jina wanalolifahamu ni la nani? Ni la yule anayesimama mbele kwenye mikutano.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa mihogo ya sokoni huenda ni kweli. Ofisini chema kinaweza kukaa miaka kumi chini ya meza bila mnunuzi.

Sababu yake ni hii. Kuna kazi zinazoacha alama na kuna kazi zinazofuta alama. Afisa mauzo akiuza, tarakimu inapanda na kila mtu anaiona kwenye ripoti ya mwezi. Lakini mchukulie mtunza stoo wa kampuni inayosambaza dawa. Nilikaa wiki nane kwenye stoo ya namna hiyo wakati wa fildi, nikihesabu maboksi na kujaza kadi za stoo, na ndipo nilipoelewa. Dada aliyekuwa akinisimamia alikuwa na utaratibu wake: kila shehena ikiingia, anaandika tarehe ya kwisha muda kwa wino mwekundu, tarakimu kubwa, upande wa boksi unaotazama njia. Kinachokwisha mapema kinakaa mbele, kinatoka mapema. Kila Ijumaa anapita rafu hadi rafu na daftari, na akiona dawa imebakiza miezi michache anawapigia simu watu wa mauzo: hii itoeni sasa. Matokeo ya kazi yake yote hiyo kwenye ripoti ya mwaka ni mstari mmoja wa bidhaa zilizoharibika, na mstari wenyewe unasoma sifuri. Nani anapigia makofi sifuri? Hakuna anayeuliza kwa nini sifuri ni sifuri. Siku akiondoka, akaja mwingine asiyejali wino mwekundu, ndipo tarakimu itakapojitokeza, na watu watasema mambo yameharibika ghafla.

Kazi za aina hii ziko kila ofisi. Mtu wa masijala ambaye faili halijawahi kumpotea. Karani wa malipo anayelinganisha ankara na hati za mapokezi hadi akagundua kwamba mzigo mmoja umedaiwa mara mbili. Fundi umeme anayepaka grisi kabla mashine haijalia. Mhudumu wa mapokezi ambaye wateja wenye hasira wanatoka kwake wametulia, kwa hiyo malalamiko yao hayafiki kwa bosi, kwa hiyo bosi hajui kwamba yalikuwepo. Mifumo ya kupima kazi inawakamata kwa shida sana, kwa sababu mifumo inahesabu kilichotokea, na wao kazi yao ni kuzuia kisitokee. Anayeweza kuwaona ni mwenzao wa meza ya jirani. Ndiyo maana pendekezo linatakiwa litoke kwa mwenzako, na ndiyo maana nasema fomu ile uichukue kama ushahidi. Shahidi mahakamani hasemi "mtu huyu ni mwema." Anasema alichokiona, lini, wapi.

Haya, unaandikaje? Anza na kitu kimoja alichofanya. Kimoja tu. Sema hali ilikuwaje kabla, alifanya nini hasa, na baada ya hapo ikawaje. Halafu jibu swali ambalo kamati italiuliza hata kama halimo kwenye fomu: asingekuwepo yeye, nini kingetokea? Kwa mtunza stoo wetu ningeandika hivi, na tarakimu hizi ni za mfano tu:

"Mwaka juzi stoo kuu iliteketeza maboksi 41 ya dawa zilizokwisha muda. Januari mwaka jana mtunza stoo alianza kuandika tarehe za kwisha muda upande wa mbele wa kila boksi na kukagua rafu kila Ijumaa. Hakuagizwa. Tangu hapo hakuna boksi lililoteketezwa. Kumbukumbu ziko kwenye daftari la stoo, ukurasa wa 12 hadi 30. Mara tatu alitoa tahadhari kwa idara ya mauzo mapema, na mzigo ukauzwa kabla ya tarehe. Utaratibu huo sasa umeigwa na stoo ya tawi."

Soma tena. Hamna "mchapakazi" hata mara moja, hamna "kujituma", na bado msomaji anayaona yote mawili. Sentensi ya ukurasa wa 12 hadi 30 ndiyo yenye uzito kuliko zote, maana inampa mjumbe wa kamati mahali pa kwenda kuhakikisha. Hiyo ya kuigwa na tawi ni ya pili kwa uzito. "Hakuagizwa" ni neno moja, lakini linamtenganisha na mtu aliyetekeleza tu maelekezo. Kama huna tarakimu usibuni. Mnaweza kuitwa wewe na yeye mkaulizwa, na aibu itakuwa yake. Eleza tukio kwa maneno ya kawaida, linatosha.

Kuna mtego hapa ambao dada zetu wanauingia sana, na wanaowaingiza ni sisi tunaowaandikia. Mwaka 2003 watafiti wawili, Frances Trix na Carolyn Psenka, walichapisha uchambuzi wa barua zaidi ya 300 za kuwapendekeza madaktari waliokuwa wanaomba kazi katika shule kubwa ya tiba ya Marekani. Barua za wanawake zilikuwa fupi zaidi. Zilikuwa na maneno mengi zaidi ya kutia shaka, na zilisifu zaidi bidii: anajibidisha, ana moyo, anategemeka. Za wanaume zilikaa zaidi kwenye utafiti na mafanikio. Waandishi wa barua hizo hawakukusudia ubaya, walikuwa wanasifu! Sasa chukua fomu uliyojaza kwa ajili ya dada wa ofisini kwako, halafu badilisha jina uweke la mwanaume. Ikisomeka kama ya ajabu, yaani "ni mpole, anatujali kama mama", basi ulichoandika ni kilemba cha ukoka. Iandike upya.

Jambo lingine linalonikera ni kumsifu mtu kwa kuumia. "Hajawahi kuchukua likizo tangu aajiriwe." "Anatoka ofisini saa nne usiku." Mei Mosi yenyewe inatokana na mgomo wa wafanyakazi wa Marekani wa mwaka 1886, Chicago ikiwa kitovu chake, na walichokuwa wanadai ni siku ya kazi ya saa nane. Leo siku hiyo hiyo tunampa bahasha aliyefanya kazi saa kumi na nne. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Ukiandika kwamba hajachukua likizo unamsifu kwa kuacha haki yake, na unawaambia wenzake kwamba wao wanaokwenda likizo ni wavivu. Tena waulize wakaguzi wa hesabu watakwambia: mtu wa fedha asiyekubali kuondoka mezani hata wiki mbili ni wa kuchunguzwa, maana baadhi ya wizi hugundulika pale tu mwingine anapokalia kiti.

Wapo wanaosema tuzo zenyewe zinaharibu. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Wana hoja. Timothy Gubler na wenzake wawili walichapisha mwaka 2016 utafiti uliofanywa kwenye kampuni ya kufua nguo huko Marekani, ambako kiwanda kimoja kilianzisha tuzo ya mahudhurio. Baadhi ya wafanyakazi wakajifunza kuwahi pale tu walipokuwa bado kwenye kinyang'anyiro cha mwezi ule. Na wale ambao tangu zamani walikuwa wakiwahi bila kuahidiwa chochote, ufanisi wao ukashuka. Kwa upande wa pili, Jana Gallus aliwapa baadhi ya waandishi wapya wa Wikipedia ya Kijerumani tuzo ya jina tu, isiyo na hata senti, katika jaribio lililohusisha watu 4,000. Waliobaki wakiendelea kuandika wakaongezeka kwa asilimia 20. Mimi nazisoma tafiti hizi mbili hivi: tuzo iliyotangazwa mapema na kufungwa kwenye kipimo kimoja, watu wanaichezea kama mchezo. Tuzo inayokuja baadaye na kumwambia mtu "tuliona ulichofanya" ni kitu kingine. Pendekezo lako liko kwenye fungu hilo la pili, mradi limeandikwa na mtu aliyeona kweli. Na haliwezi kuwa mbadala wa mshahara; ofisi inayochelewesha mishahara na kugawa vyeti inajulikana, hata wafagizi wanaicheka.

Kabla hujakabidhi fomu, ongea na mwenyewe. Tuzo nyingine hutaki mhusika ajue. Wanaopendekezwa Nobel, kwa mfano, majina yao hufichwa miaka 50. Ofisini kwako si Stockholm. Kuna mtu hataki kabisa kusimamishwa mbele za watu. Kuna mwingine ambaye ulichokiona kama ushujaa kitamletea balaa: ukiandika kwamba "aligundua makosa ya mkuu wa idara na kuyarekebisha kimya kimya", umemsifu au umemchongea? Mkuu huyo huenda ndiye anayetakiwa kusaini chini. Katika hali hiyo andika kosa lilivyorekebishwa na uache lilitoka wapi. Vivyo hivyo usimpandishe mtu wako kwa kuwashusha wengine. "Tofauti na wenzake" ni maneno matatu tu, na yanatosha kumpotezea kura zote za idara.

Mkiwa fildi mnaweza msiruhusiwe kujaza fomu, kwani sehemu nyingi zinataka mwajiriwa. Hakuna anayekukataza kumpa mwajiriwa unayemwamini aya moja ya ulichokiona. Mgeni huona vitu ambavyo wenyeji wamevizoea hadi havionekani tena. Wino mwekundu ule, wenzake walikuwa wanaupita kila siku.

Ukishawasilisha, bakiza nakala na umpe mhusika, ashinde asishinde. Watumishi wa umma siku hizi wanapimwa kwa mfumo wa PEPMIS uliochukua nafasi ya OPRAS, na sekta binafsi nako kuna tathmini za kila mwaka. Mtu aliyezoea kufanya kazi isiyoonekana, akiulizwa mwisho wa mwaka amefanya nini, mara nyingi hujibu "kazi zangu za kawaida." Ile aya yako itakuwa imeshamwandikia jibu, na ukurasa wa daftari upo.