Kulala Maskini, Kuamka Tajiri

Katika ukanda wa dhahabu unaoanzia Geita na kuingia Kahama, mkoani Shinyanga, husemwa kwamba mtu amelala maskini akaamka tajiri pale kipato chake kinapobadilika ghafla, na kitenzi kulala katika nahau hiyo hakihusu usingizi bali hali ambayo siku imemwachia mtu, kama vile aliyelala njaa anavyoitwa hivyo hata akikesha hadi alfajiri. Uzito wa nahau hiyo umo katika kiambishi -ka- cha akaamka, ambacho hufuatanisha tukio la pili na la kwanza moja kwa moja, hivi kwamba kazi iliyofanyika katikati haionekani.

Kazi hiyo si ndogo. Duara, yaani shimo la mchimbaji mdogo, huchimbwa mchana na usiku kwa zamu, huku kuta zake zikishikiliwa na matimba, ambayo ni magogo ya kuzuia udongo usiporomoke. Mawe yakitoka hugawanywa kwa mifuko baina ya wachimbaji, mwenye duara na mwenye eneo, husagwa kwenye karasha, kisha dhahabu hunaswa kwa zebaki, metali ya majimaji yenye sumu. Wengi wanaosemwa kuwa wameamka matajiri hawakufumba jicho usiku huo.

Mkulima wa pamba wa Kishapu, pia mkoani Shinyanga, hasemwi hivyo hata akivuna vizuri, kwa sababu hupanda kuanzia Novemba na kuuza kuanzia Mei, na majirani wameliona shamba lake likikua. Utajiri wa chini ya ardhi hauna mashahidi wa namna hiyo. Mwezi Juni 2020, mchimbaji mdogo Saniniu Laizer wa Mirerani, mkoani Manyara, alipoiuzia serikali mawe mawili ya tanzanaiti kwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7, habari zake zilienea kama za mtu aliyetajirika usiku mmoja, ingawa alikuwa mfugaji mwenye ng'ombe wengi, jambo ambalo nahau haina pa kuliweka.

Nahau hiyo hugeuzwa pia. Duara likijaa maji, au mkanda wa mwamba wenye dhahabu ukikatika, mwenye duara aliyekopa fedha za chakula cha wachimbaji na mafuta ya pampu husemwa kwamba amelala tajiri akaamka maskini, na wanaomdai ndio huwa wa kwanza kuitamka kauli hiyo.