Vidonge vya magamba na magoti yetu

Wazee wa Ujiji na Mwanga wananiuliza juu ya glukosamini, vidonge vinavyouzwa kama nyongeza ya chakula kwa wenye maumivu ya magoti. Kitu hicho mwili hujitengenezea wenyewe, nacho kimo katika gegedu, ile tabaka laini inayozuia mfupa kusugua mfupa. Cha vidonge hutolewa zaidi katika magamba ya kamba na kaa wa baharini. (Msianze kusaga kaa wa ziwani! Magamba hayageuki glukosamini mpaka yachemshwe kwa asidi kali kiwandani.)

Hoja ya wauzaji ni kwamba gegedu ikilika, tuirudishie. Yasikika vema. Lakini mwaka 2006 yalitangazwa huko Marekani matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 1,583 wa magoti. Baada ya majuma 24, waliomeza miligramu 1,500 kwa siku walipata nafuu 64 katika kila 100. Waliopewa vidonge vitupu, bila kujua, je? Walipata nafuu 60! Basi jirani akikuambia vimemponya, hasemi uongo, ila hilo si ushahidi.

Anayedhurika akila kamba ajihadhari, na anayemeza warfarini asiviguse bila daktari, kwani damu yaweza kuvuja.

Mama anayepandisha beseni la dagaa kutoka Kibirizi, mimi namshauri apunguze mzigo, aimarishe misuli ya mapaja, na fedha hiyo anunulie chakula. Goti likivimba ghafla na homa juu, aende Maweni siku hiyo hiyo.