Sheria ya Bunge na Mfuko wa Wilaya



Kila tunapofanya mkutano katika kambi za chai, mashamba ya miwa au mbele ya lango la kiwanda, swali moja halikosi kuulizwa. Mfanyakazi husimama na kusema: "Barabara ya kambini imeharibika. Kituo cha afya hakina dawa. Tukienda gombolola tunaambiwa hakuna pesa, tukienda wilayani tunaambiwa tungoje Kampala. Na huku mishahara yetu inakatwa pesa ya wilaya. Pesa hiyo inakwenda wapi?"

Swali hili ni la haki. Lakini hatuwezi kulijibu kwa kumlaumu mwenyekiti wa wilaya peke yake. Ni lazima kwanza tufahamu jinsi sheria zinazopitishwa na Bunge zinavyoweza kujaza mfuko wa wilaya au kuukausha. Katika makala hii tutaeleza yaliyotokea hapa kwetu Uganda, kwa maana tuliyaona.

Uwezo wa wilaya watoka wapi?

Mpango wa kugawa madaraka ulianza mwaka 1993 katika wilaya 13. Ukatiwa nguvu na Katiba ya mwaka 1995, na baadaye na Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997. Kwa sheria hizo wilaya na gombolola zilipewa kazi nyingi: shule za msingi, vituo vya afya, maji, barabara ndogo na mashauri ya kilimo.

Kazi bila pesa haifanyiki, kwa hiyo zilipewa pia ruhusa ya kutoza kodi na ushuru. Lakini angalieni neno moja. Wilaya haiwezi kubuni kodi yake yenyewe. Inatoza ile tu ambayo Bunge limeiruhusu kwa sheria. Basi Bunge likiandika sheria leo, wilaya hupata. Likiifuta kesho, wilaya hukosa.

Kodi ya kichwa

Wazee miongoni mwetu wanaikumbuka vizuri kodi ya kichwa, ile iliyopangwa kwa madaraja kufuatana na mapato ya mtu. Kila mwanamume mwenye nguvu kuanzia umri wa miaka 18 aliilipa, na wanawake waliokuwa na kazi ya mshahara pia. Ilikuwa kodi chungu. Wanaume walilala vichakani na kwenye vinamasi wakiwakimbia askari wa gombolola. Barabarani waliwekwa watu wa kukagua tikiti, na asiyekuwa nayo alifungwa kamba na kupelekwa mahabusi. Mara nyingi aliyekadiriwa alikuwa maskini asiye na kuku, na mwenye ng'ombe wengi akapata kadirio dogo kwa kuwa alijuana na wakubwa.

Hata hivyo kodi hiyo ilikuwa na upande wa pili. Ilikuwa zaidi ya nusu ya mapato ambayo wilaya za mashambani zilikusanya zenyewe. Na pesa zake ziligawanywa karibu na watu. Sheria ya 1997 ilisema kwamba mashambani gombolola ibaki na sehemu 65 katika kila 100, na 35 ziende wilayani. Tuchukue mfano wa shilingi 10,000. Shilingi 3,500 zilikwenda wilayani, na 6,500 zikabaki gombolola. Katika hizo 6,500, kijiji kilistahili 1,625, muluka 325, na saza 325. Zilizobaki, yaani 4,225, zilitumiwa na gombolola yenyewe. Kwa pesa hizo kijiji kiliweza kununua mbao za daraja au kusafisha kisima bila kuomba ruhusa Kampala.

Mwaka 2005, miezi michache kabla ya uchaguzi wa 2006, Serikali iliisimamisha kodi hiyo nchi nzima. Watu walishangilia, na sisi tulishangilia pamoja nao. Wala leo hatusemi irudishwe. Twasema tu kwamba siku ile ulipoondolewa mzigo kichwani mwa maskini, mfuko wa gombolola nao ulitobolewa. Serikali iliahidi kulipa fidia, na fidia ililetwa, lakini ilikuwa ndogo kuliko kile kilichopotea.

Pesa zenye masharti

Kuanzia hapo wilaya zikazidi kuishi kwa ruzuku ya Kampala. Katiba inataja ruzuku za aina tatu. Ya kwanza ni ruzuku isiyo na masharti, ambayo halmashauri hupanga matumizi yake yenyewe. Ya pili ni ruzuku yenye masharti: iliyotolewa kwa madarasa ni ya madarasa, iliyotolewa kwa mishahara ya waalimu ni ya mishahara ya waalimu. Ya tatu ni ruzuku ya kusawazisha, kwa ajili ya wilaya zilizoachwa nyuma.

Sehemu kubwa sana ya pesa zinazofika wilayani ni za aina ile ya pili. Katika wilaya nyingi za mashambani, mapato yao wenyewe hayafiki hata shilingi 10 katika kila shilingi 100 wanazotumia. Ndiyo maana diwani anaweza kukusikiliza kwa huruma, akaiona barabara kwa macho yake, na bado asiwe na la kufanya. Pesa alizo nazo zimekwisha kuandikiwa kazi nyingine. Akizihamisha bila idhini, amevunja sheria.

Tena liko jambo la wilaya mpya. Mwaka 1986 nchi ilikuwa na wilaya 33. Leo zimepita 130, na kila moja ilipitishwa na Bunge. Kila wilaya mpya huhitaji ofisi, magari, wakuu wa idara na madiwani. Soko na ushuru uliokuwa wa wilaya moja hugawanywa kati ya mbili, lakini magunia ya mahindi yanayouzwa sokoni hayaongezeki kwa sababu mpaka umechorwa.

Kodi iliyokuja mahali pake

Mwaka 2008 Bunge lilirekebisha Sheria ya Serikali za Mitaa na kuleta Kodi ya Huduma za Mitaa. Hii ndiyo inayokatwa kwenye mishahara yetu. Mkulima mdogo hakuingizwa, na askari wa jeshi, polisi na magereza walisamehewa. Mwenye mshahara, kwa kuwa jina lake limo katika kitabu cha mwajiri, hana kichaka cha kujificha.

Kwa viwango vilivyowekwa wakati ule, anayepata shilingi 100,000 au chini kwa mwezi halipi. Anayezidi 100,000 mpaka 200,000 hulipa shilingi 5,000 kwa mwaka. Anayezidi 200,000 mpaka 300,000 hulipa 10,000. Anayezidi 300,000 mpaka 400,000 hulipa 20,000. Viwango hupanda hivyo mpaka 100,000 kwa mwaka, ambazo hulipwa na anayezidi shilingi milioni moja kwa mwezi. Mtaona kwamba anayepata milioni 10 kwa mwezi hulipa sawasawa na anayezidi milioni moja kidogo tu. Hilo si kosa la karani wa mishahara. Limo katika sheria, na sheria hubadilishwa Bungeni.

Kodi hii hukatwa kwa mafungu manne sawa, katika miezi minne ya kwanza ya mwaka wa fedha, yaani Julai, Agosti, Septemba na Oktoba. Mwenye kulipa 10,000 hukatwa 2,500 mara nne, kisha basi.

Tunasisitiza neno hili "basi" kwa sababu. Katika shamba moja tulilotembelea, wachumaji walituletea karatasi zao za mshahara. Tulikaa chini ya mti tukazisoma moja moja. Kodi ilikuwa imekatwa Novemba na Desemba pia. Tulipokwenda ofisini, karani alisema ni desturi. Tulimwomba atuonyeshe stakabadhi ya halmashauri kwa miezi hiyo miwili, naye hakuwa nayo. Baada ya majadiliano ya wiki tatu pesa zilirudishwa. Mama mmoja alirudishiwa shilingi 2,500 tu, lakini alituambia kwamba hiyo ni sabuni na chumvi ya nyumba yake. Kumbukeni pia kwamba zile pesa zilizozidi hazikufika wilayani. Kituo cha afya hakikupata hata senti moja.

Tufanye nini?

Kwanza, kila mfanyakazi atunze karatasi zake za mshahara, hasa za Julai mpaka Desemba, na kuzilinganisha na kiwango chake. Asiyejua kusoma amwone mjumbe wa chama, hakuna aibu.

Pili, kamati ya tawi imwombe mwajiri stakabadhi ya halmashauri. Ulizeni mambo mawili: zimelipwa kiasi gani, na zimelipwa kwa halmashauri ipi. Tukijua halmashauri, tunajua mlango wa kubisha.

Tatu, kila mwaka wilaya hufanya mkutano wa bajeti. Chama kipeleke wajumbe, nao waende na hesabu badala ya manung'uniko. Waseme: wafanyakazi wa shamba letu wamelipa kiasi hiki, twataka kujua kambi yetu imepangiwa nini.

Nne, tumkumbuke mbunge. Diwani tunamwona kila Jumapili, kwa hiyo lawama zote humwangukia yeye. Lakini aina za kodi, msamaha wa kodi, kuundwa kwa wilaya na kiasi cha ruzuku huamuliwa Bungeni. Mgombea akija kambini na sukari na fulana, mwulizeni kwanza: utapiga kura gani kuhusu ruzuku isiyo na masharti? Na kima cha mshahara kinachosamehewa kodi, kilichowekwa 100,000 mwaka 2008, ulisema nini juu yake wakati bei ya unga ikipanda?

Akikosa jibu, chukueni sukari, mwandike na jina lake kitabuni. Siku ya kura tutakifungua kitabu hicho.