Jua la Usoni Barabarani

Dereva anayeteremka asubuhi kutoka Kamachumu kwenda Muhutwe anaelekea mashariki, upande wa Ziwa Viktoria, na jua linamjia usoni. Jioni hali ni hiyo hiyo kwa anayetoka Bukoba kwenda Kyaka. Saa hizo ndizo watoto wanakwenda shuleni, na watu wazima wanarudi nyumbani kwa miguu na baiskeli.

Kwa nini dereva haoni? Mwanga mkali ukiingia jichoni hutawanyika na kufunika vitu vilivyo mbele, hasa vilivyo kivulini. Kioo chenye vumbi au mikwaruzo huzidisha tatizo, na lami iliyolowa mvua huurudisha mwanga machoni. Mwenye mtoto wa jicho husumbuka zaidi, maana lenzi ya jicho lake imeingia ukungu. Ukiona jua linakusumbua kuliko zamani, nenda ukapimwe macho. Mtoto wa jicho hutibiwa kwa upasuaji.

Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, gari hupita karibu mita 14 kila sekunde. Usipoona kwa sekunde 2 tu, umekwenda mita 28 kama kipofu.

Dereva azingatie haya:

1. Safisha kioo cha mbele, nje na ndani, kabla ya safari. Mwenye pikipiki abadilishe kioo cha helmeti kilichochubuka.

2. Shusha kikinga jua na vaa miwani ya jua. Jua likizama, ivue.

3. Punguza mwendo kabla ya kona, washa taa, kaa mbali na gari la mbele, na usijaribu kulipita.

4. Ukishindwa kuona, usifunge breki ghafla. Punguza mwendo taratibu, toka barabarani mahali salama, usubiri. Huku kwetu karibu na ikweta jua hupanda haraka. Asubuhi, nusu saa ya kusubiri huleta nafuu kubwa.

Nawe unayetembea kwa miguu, tazama kivuli chako. Kikilala kuelekea upande gari linakotoka, ujue dereva wake anatazama jua, na huenda hakuoni. Usivuke, kaa kando mpaka lipite. Wazazi na walimu, wafundisheni watoto alama hii. Hata mtoto wa darasa la kwanza anaweza kuielewa.